BENDI YENU INATAKA MONITA ZA MASIKIONI? SOMENI HAPA KABLA HAMJATOA MSHIKO



Siku bendi inapiga, iwe Chang'ombe, Mbagala au Mwananyamala, sogea karibu na jukwaa uwaangalie waimbaji badala ya wanenguaji. Utamwona mmoja ameziba sikio kwa kidole. Mwingine anamwonyesha fundi mitambo dole gumba juu, yaani niongeze, sijisikii. Fundi akiongeza, monita za chini zinapiga mluzi. Akipunguza, mwimbaji anapaza sauti. Ikifika saa nane usiku koo limekwisha, na kesho yake kuna shughuli ya harusi.

Yule aliyeziba sikio keshaijua siri: ukizuia kelele za nje, unajisikia. Monita ya masikioni ni kidole hicho hicho, ila kina spika ndani yake.

Sasa vijana wengi wameona kwenye video mastaa wakubwa wakiwa na kitu masikioni na kiboksi kiunoni, na kila bendi inaulizana: tununue ipi isiyo na waya, ya bei poa? Jibu langu ni kwamba waya sio tatizo lenu la kwanza. Kama mfuko ni mdogo, pesa iende kwanza kwenye kitu kinachoziba sikio vizuri, halafu kwenye miksa, halafu ndiyo mfikirie mawimbi ya hewani. Na mkifika kwenye mawimbi, angalieni masafa kabla ya kuangalia jina la kampuni. Bendi inayoenda kinyume na hapo inachemsha. Twende taratibu.

KWANZA, KWA NINI MJISUMBUE

Kuna sababu mbili, koo na masikio.

Koo: mtu asipojisikia anapaza sauti bila kujijua. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili tangu mwaka 1911. Huwezi kumwambia mwimbaji "imba taratibu" wakati drams ziko mgongoni kwake. Mwili wenyewe unakataa.

Masikio: taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, na 100 ni dakika 15. Jukwaani, katikati ya drams na monita za chini, kufika 100 ni kitu cha kawaida kabisa, na bendi zetu hupiga kuanzia saa tatu usiku mpaka majogoo. Piga hesabu mwenyewe. Ule mlio wa "nziii" unaolala nao baada ya shoo ni onyo, na vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Mwanamuziki aliyepoteza masikio hana kazi nyingine ya kurudia.

Lakini tahadhari: monita ya masikioni haimwokoi mtu anayeifungulia mpaka mwisho. Faida inapatikana pale tu unapoziba kelele halafu ukasikiliza kwa sauti ya chini.

KITU CHENYEWE KINA NINI

Seti nzima ina sehemu nne.

1. Miksa. Inatakiwa iwe na njia za pembeni za kutolea sauti, zile zilizoandikwa AUX. Kila njia moja ni mchanganyiko mmoja wa kusikiliza. Hakikisha njia hiyo inachukua sauti kabla ya kitelezi, yaani fundi akipandisha au kushusha sauti ya spika za mbele, nyie masikioni isibadilike.

2. Transmita. Inakaa jukwaani, inapokea sauti kutoka kwenye miksa na kuirusha hewani.

3. Risiva. Ndiyo kile kiboksi cha kiunoni.

4. Spika za masikioni zenyewe.

Watu wanamwaga pesa kwenye namba 2 na 3, halafu namba 4 wanachomeka zile za simu zilizokuja kwenye boksi. Hapo mmeharibu kila kitu. Zile za simu haziingii ndani ya sikio, hazizuii kelele, kwa hiyo utafungulia sauti kushinda drams. Tafuteni zinazoingia kabisa kwenye tundu la sikio, zenye waya unaopita juu ya sikio ili zisichomoke ukicheza, na vichwa vya sponji au mpira vya saizi tofauti. Aina kama KZ za kawaida zinapatikana kwa kati ya dola 15 na 30 hivi, na kwa kuanzia zinatosha. Jaribuni saizi zote za vichwa. Kipimo chake ni rahisi: ukivaa, sauti ya mtu aliye mbele yako inatakiwa iwe kama anaongea nyuma ya mlango uliofungwa. Na kila mtu awe na zake, kuazimana spika za masikioni ni kuazimana magonjwa.

BENDI ZETU SIO BENDI ZA WATU WANNE

Ushauri mwingi ulioko kwenye intaneti umeandikwa kwa bendi ya watu wanne: gitaa, besi, drams na mwimbaji. Bendi ya dansi ya Dar sio hivyo. Angalia Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Angalia Mlimani Park, wana Sikinde, waliozaliwa mwaka 1978. Angalia Twanga Pepeta enzi zile wakiwa na ngome yao pale Mango Garden, Kinondoni. Unakuta waimbaji wanne au watano wamepanga mstari, rapa, solo, rithim, besi, kinanda, drams, tumba, bado hujataja wapuliza tarumbeta na wanenguaji. Ukisema kila mtu apate seti yake isiyo na waya, bendi itauza mpaka gari.

Lakini mpangilio wetu huo huo ndio unaotuokoa, ukiuangalia vizuri.

Mpiga drams amekaa. Mpapasaji kinanda amesimama sehemu moja usiku kucha. Mpiga tumba naye haendi popote. Hawa waya hauwasumbui hata kidogo. Wape kikuza sauti kidogo cha waya, kama Behringer P1 au P2, ambavyo huuzwa chini ya dola 100, vuta waya kutoka kwenye AUX, kazi imekwisha. Hakuna masafa ya kugombania, hakuna mawimbi ya kukatika katikati ya wimbo.

Wapiga magitaa wana vikuza sauti vyao nyuma yao, wanaweza kubaki hivyo kwa mwaka wa kwanza.

Wanaotembea ni waimbaji na rapa. Na hawa wote, kwa sababu wanaimba pamoja kwa kuitikiana, wanataka kusikia karibu kitu kile kile: sauti zao, kinanda kidogo ili wasitoke kwenye ufunguo, solo, na mguu wa drams. Hapo ndipo penye siri ya kuokoa pesa. Transmita moja inaweza kuhudumia risiva nyingi. Ni kama kituo cha redio: kikirusha kinasikika Temeke nzima, hakijali redio ngapi zimewashwa. Kwa hiyo waimbaji watano hawahitaji seti tano. Wanahitaji transmita moja na risiva tano, na kila mmoja anapandisha na kushusha sauti kwenye kiboksi chake.

Kama kiongozi wa waimbaji anataka mchanganyiko wake peke yake, kuna mbinu nyingine. Baadhi ya transmita zina njia mbili, kushoto na kulia. Kwenye Shure PSM300 kuna kitu wanakiita MixMode: sauti ya kushoto unapeleka mchanganyiko wa kiongozi, kulia unapeleka wa waitikiaji, halafu kila mtu kwenye risiva yake anavutia upande wake, na inamfika masikio yote mawili. Transmita moja, michanganyiko miwili. Lakini muulizeni muuzaji kama risiva inaweza kufanya hivyo, kwa sababu zile za bei chee nyingi haziwezi.

MASAFA NDIPO WATU WANAPOUZIWA MBUZI KWENYE GUNIA

Hapa naomba msome taratibu, maana makosa ya hapa hayarekebishiki kwa kumwita fundi.

Kila kifaa kinachorusha mawimbi kimetengenezwa kwa masafa fulani, na nchi hazigawi masafa kwa namna moja. Tanzania tupo kanda moja na Ulaya na Afrika yote, Marekani wapo kanda nyingine. Kwa hiyo kifaa kinachofanya kazi safi kabisa Chicago kinaweza kuwa takataka ukikiwasha Tandika. Geuza boksi, soma namba zilizoandikwa MHz. Hizi ndizo za kuangalia:

902 hadi 928 MHz: kimbia. Marekani masafa haya ni ya wazi, ndio maana seti nyingi za bei chee zinayatumia. Huku kwetu simu za GSM za 900 zinarushia humo humo, kwenye kipande cha kuanzia 880 mpaka 915, kutoka kwenye simu kwenda kwenye mnara. Maana yake kila simu ukumbini ni adui yako, pamoja na iliyo mfukoni mwako. Na wewe pia unauharibia mnara.

700 MHz: kimbia pia. Marekani walipiga marufuku maiki zisizo na waya kwenye masafa hayo mwaka 2010, kwa hiyo vifaa vya zamani vya huko vinauzwa kwa bei ya kutupa. Huku kwetu TCRA ilinadi masafa ya 700 kwa kampuni za simu mwaka 2018. Ndugu yako aliye Marekani akikwambia amepata seti ya bei ya ajabu, muulize namba kwanza.

863 hadi 865 MHz: Ulaya inaruhusiwa bila leseni. Usidhani ruhusa hiyo inakufuata mpaka Temeke, uliza kwanza.

470 hadi 694 MHz: hapa ndipo seti nyingi nzuri zilipo. Ni masafa ya televisheni. Dar tulizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, lakini televisheni za digitali zinaendelea kurusha humo, kwa hiyo lazima mtafute nafasi iliyo wazi.

GHz 2.4: ndiyo masafa ya Wi-Fi na Bluetooth, nitayaeleza chini.

Na sheria ipo, wadau. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa yanasimamiwa na TCRA, na vifaa vinavyorusha mawimbi vinatakiwa viwe vimekubaliwa nao. Kabla ya kununua, andikeni jina la kifaa na namba zake za MHz, mkaulize TCRA. Kuuliza ni bure, kunyang'anywa mtambo ni gharama.

AINA ZILIZOPO NA KAZI ZAKE

Kundi la kwanza ni GHz 2.4. Mfano ni Xvive U4, kati ya dola 200 na 300 kwa transmita na risiva moja, na risiva za ziada zinauzwa peke yake. Uzuri wake ni mdogo, mwepesi, hauhitaji kuchagua MHz kwa kila ukumbi. Sauti inachelewa kwa chini ya milisekunde 5, sawa na kusimama mita 1.7 kutoka kwenye spika, kwa hiyo mwimbaji hasikii tofauti. Ubaya: mwili wa binadamu unameza mawimbi hayo, kwa hiyo wanenguaji wakipita katikati inaweza kukatika. Kampuni inasema inafika mita 27 pakiwa wazi. Pia inagombania hewa na Wi-Fi na simu zilizofunguliwa kugawa intaneti. Kwenye baa ya mtaani au kanisani, poa. Kwenye uwanja kama Leaders Club uliojaa maelfu ya simu, unacheza bahati nasibu. Jambo lingine, chaji yake ni kama saa 5. Shoo ya saa tatu mpaka saa tisa usiku ni saa 6. Wakati wa mapumziko lazima mchomeke kwenye pawabenki, la sivyo sebene la mwisho mtalipiga bila masikio.

Kundi la pili ni la masafa ya televisheni, kama Shure PSM300, kati ya dola 600 na 900, au Sennheiser EW IEM G4, dola 1,000 na zaidi. Hizi zinafika mbali zaidi, na mnaweza kuchagua MHz kulingana na ukumbi. PSM300 inatumia betri mbili za AA kwa saa 5 hadi 7. Nunueni betri za kuchaji, seti mbili, vinginevyo kila wikiendi mtakuwa mnalisha duka la betri.

Kundi la tatu ni spika za Bluetooth za simu. Watu wananiuliza kila siku. Hapana. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti kwa milisekunde 100 mpaka 200. Mpiga drams akipiga sasa, wewe unasikia baadaye, unaimba baadaye zaidi, na mnaishia kugombana jukwaani. Bluetooth ni ya kusikilizia nyimbo kwenye daladala.

TUPIGE HESABU

Tuchukue bendi ya watu 11: waimbaji wanne, rapa, solo, rithim, besi, kinanda, drams na tumba. Tukadirie dola moja kwa shilingi 2,500.

Mkimnunulia kila mtu seti ya dola 700, ni dola 7,700, zaidi ya shilingi milioni 19. Hapo bado usafiri na ushuru.

Sasa njia nyingine. Spika za masikioni za dola 20 kwa watu saba, yaani waimbaji, rapa, kinanda na drams: dola 140. Vikuza sauti vya waya viwili, tuseme dola 100 kila kimoja: dola 200. Transmita moja na risiva tano za kundi la kwanza, na hata tukihesabu kila risiva kwa bei ya seti nzima ya dola 250: dola 1,250. Jumla dola 1,590. Haifiki milioni 4. Mpiga tumba anaingia mwezi ujao.

Na kama hata hiyo hakuna, anzeni na drams na kinanda kwa waya. Wakishavaa masikioni, monita zao mbili za chini mnazizima, na kelele za jukwaa zinapungua kwa kila mtu, hata kwa asiyevaa chochote.

Bendi inayokodi mitambo iulize kabla ya shoo: miksa ina AUX ngapi? Mnataka mbili angalau. Mkijaliwa kununua yenu, miksa ya digitali kama Behringer XR18 ina njia sita za AUX, na kila mwanamuziki anaweza kupanga mchanganyiko wake kwa simu yake.

SIKU YA KWANZA JUKWAANI

Fikeni ukumbini mapema. Washeni risiva huku transmita imezimwa. Mkisikia mikwaruzo, masafa hayo yana mtu, hamieni mengine. Rudieni kipimo hicho watu wakishajaa.

Transmita iwe karibu na jukwaa, juu ya vichwa vya watu. Isikae karibu na risiva za maiki zisizo na waya, maana itazizidi nguvu. Acheni mita kadhaa.

Hakikisheni kuna limita, kwenye risiva au kwenye miksa. Maiki ikianguka au mtu akichomoa jeki ya gitaa bila kupunguza, kile kishindo kinaingia moja kwa moja sikioni.

Anzeni na sauti ya chini, pandisheni pole pole.

Wengi siku ya kwanza watalalamika kwamba wanajiona kama wamefungiwa chumbani, hawasikii wateja wakishangilia. Na kwenye sebene hilo ni tatizo la kweli, kwa sababu rapa anaongozwa na watu na bendi inageuka kwa ishara. Tiba yake ni kuweka maiki moja mbele ya jukwaa ikiangalia wateja, na kuipeleka kidogo masikioni tu, sio kwenye spika kubwa. Msitoe sikio moja. Ukitoa moja, lile lililobaki utalifungulia mara dufu kushinda kelele za upande wa pili, na ndilo litakalokufa kwanza.

Wahenga walisema rahisi ghali. Seti ya bei chee yenye masafa mabaya mtainunua mara mbili. Waya wa bei chee kwa mtu aliyekaa kwenye drams mtaununua mara moja.

Kama bendi yenu au kwaya yenu imeshajaribu, mwageni uzoefu hapo chini, na mtaje mliwasha MHz ngapi na ukumbi gani. Hiyo ndiyo itakayomsaidia mwenzenu anayekwenda Kariakoo kesho na mshiko mkononi.